Jina Lililobaki Wodini

Alikuwa chini ya meza ya mhasibu, ubavu mmoja sakafuni, akipapasa kutafuta kebo iliyolegea, simu ilipotetemeka mfukoni mwake. Hakuitoa. Alijua ni chuo. Nafasi yake kwenye kozi ya usalama wa mtandao wangemshikia hadi Ijumaa, kisha wampe mwingine. Walimkumbusha kwa upole, upole ule wa watu wanaouza vitu ghali.

"Imewaka," mhasibu alisema kutoka juu.

"Haya," akajibu, lakini hakuinuka. Alibaki akivitazama viatu vya mhasibu mpaka viatu vyenyewe vikaanza kusogea kwa wasiwasi.

Hospitali nzima ilimwita Bi Paswedi. Katika kitengo cha kompyuta ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, kwa umri na kwa mshahara, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafungulia watu waliosahau paswedi, neno lao la siri la kuingilia kwenye mfumo. Daktari akirudi likizo, amesahau. Mpokezi akigombana na mumewe, amesahau. Zamani aliwatania kwamba majina ya wadeni wao mbona hawayasahau hata siku moja. Tangu msiba hakutania tena. Aliwafungulia tu, akashuka ngazi.

Msiba wenyewe ulikuwa wa mama yake, muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali hiyohiyo, mwanamke aliyewapokea watoto wa mji mpaka baadhi yao wakarudi kuzaa mikononi mwake. Presha ilimwangusha jikoni kwake, hakuamka. Makaburini Bi Paswedi hakulia, na watu wakanong'ona kwamba ana moyo mgumu. Haukuwa ugumu. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaushika, unaufinya, wenyewe hauna habari.

Ile kozi, mama ndiye aliyeishikia bango. Ada yake ilipita mshahara wa binti kwa mwaka mzima, na bila cheti chake kila tangazo la kazi ya kulinda mifumo lilimfungia mlango mstari wa pili. Mkuu wa kitengo alipoombwa msaada alisema fungu la mafunzo limeshanunua viti vya mapokezi. Mama aliposikia hivyo alicheka, kisha akasema kwamba akistaafu, kiinua mgongo chake kitapitia darasani kwa binti yake kabla ya kufika popote. Hakuwahi kustaafu. Yalikuja mafao ya marehemu, yakagawanywa kwa watoto wake wawili. Fungu la Bi Paswedi lilifika nusu ya ada, likaishia hapo. Fungu la kaka yake, dereva wa lori, lilikuwa linangoja kuezeka nyumba ya mama iliyokwama kwenye lenta, ili ahamie na mkewe na watoto, watoke kwenye vyumba vya kupanga. Bi Paswedi hakuwa amemwomba chochote. Angeanzia wapi?

Aliporudi mezani kwake siku hiyo alikuta agizo kutoka ofisi ya utumishi: akaunti za watu walioacha kazi zifungwe. Jina la mama yake lilikuwa katikati, kati ya mlinzi aliyehama na mpishi aliyefukuzwa. Alilifungua kama alivyofungua majina mengine. Mfumo ukamwonyesha mara ya mwisho mwenye jina hilo alipoingia.

Leo, asubuhi.

Alisoma tena. Akashuka chini kwenye skrini, na kadiri alivyoshuka ndivyo mama yake alivyozidi kuwa kazini. Jana alitoa dawa. Juzi alipima joto la watoto wachanga. Siku ile walipomzika, mchana uleule, alimhamisha mgonjwa kitanda.

Alipanda wodini. Sista Mkuu, aliyekuwa rafiki wa mama yake tangu ujana, hakuficha kitu. Alieleza kwamba wauguzi wapya walikuwa hawajafunguliwa akaunti zao, maombi yao yakiwa bado yamelala mezani kwa mkuu wa Bi Paswedi mwenyewe. Wagonjwa hawangoji sahihi ya mtu. Paswedi ya marehemu walikuwa wakiijua wote, basi wakaendelea nayo.

"Nikwambie ukweli, mwanangu," alisema, akishusha sauti. "Tukiiandika tunamsikia bado yupo. Hata wewe ukiijua utacheka. Ni..."

"Usinitajie, mama."

Sista Mkuu akarudi nyuma hatua moja.

"Paswedi haisemwi," Bi Paswedi akamwambia. "Hata kwangu."

Alilisema kwa sauti ileile aliyowaambia wote, wapishi kwa madaktari. Akashuka mezani kwake. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, na jina likageuka rangi ya kijivu. Alingoja kitu kimpande kooni. Kilichopanda ni kikohozi.

Saa ya chakula kaka yake aliegesha lori nje ya geti, akampigia ashuke. Muuza mabati amepunguza bei, kwa hiyo amekuja wakachague rangi pamoja, maana nyumba ni ya mama, si yake peke yake. Bi Paswedi alipanda akaketi kando yake. Alikusudia kusema bluu, wamalize. Badala yake akajikuta anamsimulia alichokikuta asubuhi, taratibu, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine.

"Kwa jina la mama?" kaka aliuliza.

"Kwa jina lake. Mpaka leo asubuhi."

"Na kama mtoto angepewa dawa siyo?"

"Ingeandikwa kwamba mama ndiye aliyempa."

Kaka akaushika usukani kwa mikono miwili, ingawa lori lilikuwa limezimwa.

"Ndicho unachotaka kwenda kusomea hicho? Watu wasiingie kwa majina ya watu?"

"Kimojawapo."

"Mimi nilidhani ni mambo ya wezi wa benki."

"Na hao wapo."

Kaka alitoa kicheko kifupi cha puani. Akauliza amepungukiwa kiasi gani, akaambiwa. Akafuta vumbi la dashibodi kwa kiganja, sehemu ileile, mpaka ikang'aa.

"Mabati hayaozi dukani," alisema mwishowe. "Wifi yako nitazungumza naye mwenyewe. Wewe leo usipige simu nyumbani."

Alitaka kumshukuru, na mdomo ulimshukuru kweli, vizuri na kwa adabu, kama mtu anayepokea chenji. Kaka alimjua. Hakudai zaidi ya hapo.

Ada ililipwa kabla ya Ijumaa. Chuo kilimtumia pongezi zenye picha ya maputo, akazisoma akiwa kwenye foleni ya benki, akairudisha simu mfukoni. Mvua zilikuja zikazilowesha kuta za nyumba ya mama ndani na nje, na wifi yake hakumwamkia mpaka zilipokatika. Bi Paswedi hakumlaumu.

Lakini mvua zilikuja baadaye. Kwanza, siku ya mwisho kabla ya kwenda darasani, wodi ikiwa inaandika kwa kalamu tangu jina la mama lifungwe, aliyachukua maombi ya wauguzi mezani kwa mkuu wake, akasimama mbele yake bila kuketi mpaka yote yakatiwa sahihi. Kisha akapanda wodini na kuwaita mmoja mmoja kwenye kompyuta, kila mtu aingie kwa jina lake. Wa mwisho akawa Sista Mkuu, ambaye naye alikuwa ameisahau ya kwake kwa kutoitumia. Akavaa miwani, akavuta kiti, akaweka vidole juu ya vitufe. Halafu akageuza shingo.

"Geuka, mwanangu."

"Mimi?"

"Si umesema haisemwi? Basi hata kuonwa isionwe. Geuka."

Bi Paswedi akageuka. Mbele yake palikuwa na dirisha, na chini ya dirisha wanawake wawili wa dobi walikuwa wakikamua shuka, mmoja huku na mwenzake kule, wakilizungusha kinyume mpaka maji yakachuruzika miguuni mwao. Nyuma yake kidole kilitafuta herufi, kikabonyeza. Kikangoja. Kikatafuta nyingine. Mtoto fulani akaanza kulia ndani ya wodi, akanyamazishwa, na kidole kikaendelea polepole, na Bi Paswedi akaweka paji la uso kwenye kioo akisikiliza.