Daraja Kubwa

Mimi hukaa dirisha la malalamiko kwenye ofisi ya maji. Mtu akikatiwa maji hamtukani aliyefunga bomba, ananitukana mimi. Kutwa nzima nasema "pole, tumeliandika" mpaka taya zinauma. Sasa niambieni, Jumapili mchana, kwenye mchezo wa kujifurahisha, kwa nini tena mimi ndiye niwe Ngao?

Mchezo wenyewe aliutunga wifi yangu, dada wa mume wangu, mchapaji wa kadi na vipeperushi. Tunachezea dukani kwake, kwenye meza ya kukatia karatasi, watatu tu. Yeye ndiye msimulizi: anatueleza msituni kuna nini, sisi tunasema tunafanya nini, dadu zinaamua. Mume wangu ni Mganga; anasimama nyuma, anatibu. Mimi ni Ngao. Nasimama mbele, napigwa. Mapanga, mawe, mikia ya majoka, vyote vinaanzia kwangu.

Nilikubali mwanzoni kwa sababu mtu wa mbele alihitajika. Baada ya miezi kumi nikasema imetosha, nataka kuwa Mganga. Ila kubadili kazi nako si mchezo. Unaacha silaha, unaacha nguvu zote, unarudi daraja la kwanza na pointi kumi za uhai. Nami nilikuwa daraja la sita. Ukibadili mapema, unatupa jasho lako. Ukichelewa, unabadili huku umekwisha, hata hamu huna. Nililiwaza hilo kuliko nilivyowaza mambo mengi ya maana, hadi kwenye foleni ya mkate.

Nikafungua kijitabu cha sheria alichokichapa wifi. Mstari ulikuwa mmoja: "Kazi hubadilishwa kwenye daraja kubwa."

"Ndilo lipi hilo?" nikamuuliza mume wangu.

"La kumi," akasema bila kuinua macho. "Ndilo kubwa kuliko yote. Ngoja kwanza."

Huyo ndiye mume wangu. Anatengeneza saa, peke yake, kwenye chumba cha nyuma kisichofikiwa na kelele, na kila jambo kwake ni ngoja kwanza. Dada yake kamgeuzia kuwa jina: Ngoja-Kwanza. Basi nikangoja. Miezi minane nikapigwa, nikapanda daraja la saba, la nane, la tisa.

Jumapili iliyopita tukafika mtoni. Wifi akasoma: "Mbele yenu kuna daraja kubwa la mawe. Ng'ambo limekaa jitu lenye rungu." Nikaokota dadu kama kawaida yangu. Wifi akaweka karatasi chini.

"Wifi, msimulizi haruhusiwi kumkumbusha mchezaji, lakini nimechoka. Kile kilio chako cha kutaka uganga kimeishia wapi? Hili ni daraja kubwa la nne, na wewe unapita tu!"

"Si nipo daraja la tisa? Bado moja."

"Bado moja nini? Daraja, wifi! La kuvukia!" Akagonga ramani kwa kidole. "Mawe! Mto! Chini maji!"

Jamani. Kwanza nilicheka, tena nilicheka sana, neno moja tu limenizungusha miezi yote hiyo. Kisha nikamtazama mume wangu, naye hakuwa anacheka. Alikuwa anachonga penseli ambayo ilishachongoka zamani.

"Ulijua," nikasema.

"Mwanzoni sikujua, haki ya Mungu." Akapuliza unga wa penseli. "Nilijua tulipovuka la pili."

"Miezi sita!"

"Ukitoka mbele, wa mbele ni mimi. Niliogopa."

"Na mimi je?"

"Wewe huogopi," akasema, na alimaanisha. "Wewe umezoea."

Hapo hasira ikanipanda hadi utosini. "Nani kakuambia? Kila asubuhi kabla sijafungua lile dirisha naenda chooni, nakaa dakika tano nikijipa moyo. Miaka saba! Umewahi kuniuliza?"

Wifi akajifanya anapanga dadu kwa rangi, na dadu zenyewe zote nyeupe.

Mume wangu akachukua kifutio, akafuta "Mganga" kwenye karatasi yake, akaandika "Ngao" kwa mwandiko wake ule mdogo. Akafuta na pointi zake themanini, akaandika kumi. Kisha akanisogezea kifutio.

Nikasita, siwafichi. Karatasi yangu ilikuwa na daraja la tisa, ngao ya chuma, mwaka na nusu wa Jumapili zangu. Na watu wawili wa daraja la kwanza mbele ya jitu ni wa kuzikwa tu. Busara ilikuwa kulimaliza jitu kwanza, tubadili daraja lijalo. Lakini nilijifahamu: lijalo ningepata sababu nyingine, na safari hiyo ingekuwa yangu mwenyewe, nisiwe na wa kumlaumu. Nikafuta.

Jitu likapiga. Dadu ikaonyesha sita, uhai wa mume wangu ukabaki nne. Akashika ukingo wa meza kama aliyepigwa kweli.

"Kumbe ndivyo ilivyo," akasema.

"Ndivyo."

"Turudi nyuma?"

"Wa mbele ni wewe. Sema wewe."

Akafikiri kidogo. "Tukae."

Nikatupa dadu yangu ya kwanza ya uganga, nikampa pointi mbili. "Asante," akasema, upesi, kama mtu aliyerudishiwa pumzi. Miezi kumi na minane yeye ndiye alikuwa ananitibu, kila Jumapili, na mimi sikuwahi kumwambia neno hilo hata mara moja. Nikaona aibu, nikakaza macho kwenye jitu.