Jozi za Kopo la Mama

Tangu tumzike mama, baba hakuwa anakula, alikuwa anaonja tu. Vijiko viwili vya uji, kisha anasukuma bakuli na kurudi kwenye meza yake ya kutengenezea saa.

Shangazi, dada yake, alikuja kukaa nasi, naye hakumwonea haya.

"Kaka, ukiendelea hivi hiyo suruali ndiyo itakuvaa wewe."

"Iache inivae. Tumezoeana."

Muuguzi wa zahanati alimpima uzito, akanivuta pembeni. Kama anakula kidogo, alisema, basi hicho kidogo kiwe na nguvu. "Mtilie jozi kwenye chakula, zile njugu za ganda gumu, kiasi cha kiganja kwa siku. Zina protini, na mafuta yake ni mazuri kwa moyo. Asipoongezeka uzito, tutamlaza."

Jozi tulikuwa nazo. Mama alikuwa akizisaga zile kokwa zenye mikunjo na kuzitia kwenye supu ya maboga. Kopo lake la bati lilikuwa bado kwenye rafu juu ya jiko, kama alivyoliacha. Ningeweza kununua nyingine sokoni, lakini nilitaka baba ale kutoka mkononi mwa mama kwa mara nyingine.

Nikazikaanga kidogo bila mafuta, nikazitwanga, nikazikoroga ndani ya supu mpaka ikawa nzito. Harufu haikuwa ile niliyoizoea. Nikajiambia ni majonzi tu. Siku zile hata sabuni ilininukia vibaya.

Baba alipoiona rangi ya ile supu, alivuta kiti mwenyewe. Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Baba akatia kijiko mdomoni, akakaa nacho, akameza kwa shida.

"Hii ni supu au rangi ya mlango?"

Shangazi akaonja, akakunja uso. "Mwanangu, hizi zimeharibika."

"Ni za mama," nikasema. "Za kwenye kopo."

Baba akaniomba kopo, akalifungua, akanusa.

"Mama yako alikuwa akiziweka kwenye friji. Pale juu ya jiko aliweka chache tu za kutumia upesi, maana joto linaharibu mafuta yake. Hizi asingempa hata yule jirani aliyegombana naye kwa sababu ya kuku."

Shangazi akacheka, kisha akaziba mdomo. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimelishika lile kopo kwa mikono yote miwili.

"Zimwage, mama," baba akasema taratibu. Aliniita hivyo nilipokuwa mdogo. "Yeye hayumo humo. Kanunue nyingine, zenye maganda. Zilizomenywa huwezi kujua zimekaa wapi."

Niliporudi, nilikuta ameondoa saa zote mezani na kutandika kitambaa. Akachukua nyundo yake ndogo, akasimamisha jozi moja kwa ncha, akaigonga kwenye mshono huku akiizungusha, kidogo kidogo, kama anafungua saa ya mtu. Ganda likaachia. Kokwa ikatoka nzima.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa ukizivunja? Siku zote nilidhani ni mama."

"Mama yako? Angezivunja pamoja na meza."

Akaitia mdomoni bila kufikiri. Akatafuna. Akavunja nyingine, hiyo akaiweka kwenye bakuli la kokwa za supu. Iliyofuata akaila.

Shangazi akafungua mdomo kusema neno, na safari hii mimi ndiye niliyemkanyaga mguu.

Nikaenda jikoni kubandika maboga. Nikamwaga zile za zamani, nikaliosha kopo kwa maji ya moto na kuliinamisha likauke. Nyundo iliendelea kugonga katika chumba cha pili. Baada ya muda ikanyamaza, na sauti ya baba ikauliza kama supu iko karibu, maana bakuli halijai na yeye hajui kwa nini.