Maiki Mbili za Shangazi

Mhariri wa redio alisikiliza kwa muda wa kupiga chafya mbili, akavua hedifoni, akaniambia sauti yangu haifai kwenda hewani. Nilikuwa nimejirekodi kwa simu, nikisimulia habari za vumbi la kiwandani. Ina mwangwi, alisema, inasikika kama mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Jumamosi kiwanda cha nyuzi kingetimiza miaka hamsini, na mkurugenzi alikuwa amepewa saa nzima redioni ya kueleza kwamba hakuna mfanyakazi wake hata mmoja aliyewahi kuugua kifua kwa vumbi la pamba. Nikileta sauti safi kabla ya Ijumaa jioni, mhariri angenipa dakika tano. Aliahidi kama anavyoahidi mtu anayejua hatadaiwa.

Alikosea mtu. Mimi nilifukuzwa kiwandani hapo miaka kumi na minane iliyopita, na mpaka leo nakumbuka rangi ya wino uliosaini ile barua. Wasimamizi walikuwa wakiniita Bi Mdomo. Shule niliishia darasa la sita. Sheria za kazi nilijisomea mwenyewe, na mambo ya maiki nilijisomea hivyohivyo, kwenye kompyuta kuukuu ambayo betri yake ilishakufa, haiwaki bila kuchomekwa ukutani.

Mwenye maneno ni shangazi yangu, dada wa baba. Alikaa miaka ishirini na sita kwenye mashine za kusokota, na sasa akitoka kitandani kwenda mlangoni hupumzika njiani. Wote tuliofanya kazi pale tunajua kwamba feni za kufyonza vumbi zilikuwa zikizimwa wakaguzi wakishaondoka. Nani alizizima, na kwa amri ya nani, alijua yeye peke yake. Nimemwuliza miaka yote.

"Nitasema kwenye maiki," alinijibu wiki ile. "Nikikwambia wewe, utatoka hapa na mwiko kwenda kumpasua mtu kichwa."

Basi nikaenda dukani. Muuzaji alikuwa kijana wa shati lililonyooka, na duka lake lina zulia mpaka ukutani. Alinitolea maiki nene ya rangi ya fedha, imelazwa kwenye kisanduku chenye sponji kama mtoto mchanga. "Hii mama, sindano ikianguka chumba cha pili inasikia."

Nikamwambia kwetu haianguki sindano. Ukuta wa pili kuna mashine ya kusaga nafaka, inanguruma toka asubuhi hadi jioni. Umeme ukikatika inanyamaza, lakini hapo na kompyuta yangu imezima. Usiku shangazi ni kikohozi kitupu. Na kuhama hataki hata kwa siku moja. Nyumba ile, anasema, ameijenga kwa mapafu yake.

Nikaomba ajaribu maiki yake mlango ukiwa wazi. Hakupenda, ila aliufungua. Ile ya fedha ilileta honi, mbwa, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akimsema mkewe. Nikaomba ile ya mkononi, nyeusi, yenye kichwa cha wavu, iliyokuwa imetupwa chini ya kabati na bei yake ni aibu kuitaja mbele ya zulia lile. Ukiisogeza mdomoni inakusikia wewe. Dunia iliyobaki haina habari nayo. Nikachukua hiyo.

Nyumbani nilitundika mablanketi ukutani, nikachomeka maiki kwenye kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, nikamketisha shangazi. Alianza vizuri. Mimi macho yalikuwa kwenye kompyuta, naangalia mstari wa sauti usije ukapanda mno. Katikati jirani akawasha mashine yake, na sikusikia chochote ila ngurumo. Sikushtuka, si ndiyo maana ya maiki ile? Shangazi alipomaliza alijifuta jasho, akasema amesema yote, harudii, akajilaza.

Niliposikiliza, ngurumo ilikuwa chini, mbali, kama nilivyotaka. Sauti ya shangazi haikuwepo. Ilipotea palepale mashine ilipoanza.

Nilirudi dukani na maiki yangu kwenye mfuko, na aibu. Kijana akacheka kistaarabu, akasema alinionya, akaenda kuitoa ile ya fedha. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia kulipa kidogo kidogo. Hapo umeme ukakatika, jenereta ikaanza kupiga kelele mlangoni, na yeye akamgeukia mwenzake wa kaunta ya pili. Sikusikia neno. Lakini niliona: *Wa bei rahisi hawa, wote hurudi.*

Nilimwona akisema. Nilimsoma midomo, kama nilivyokuwa nikiwasoma wenzangu kiwandani, ambako hakuna aliyekuwa akipoteza pumzi kupiga kelele mbele ya mashine mia mbili. Unafungua mdomo wazi, unayaumba maneno, sauti unaiacha kooni. Shangazi ndiye aliyenifundisha. Jirani alipowasha mashine na sakafu ikatetemeka, shangazi alirudi kazini. Alisema yote, ila hakuyatoa. Maiki yangu haikuwa na kosa hata kidogo.

"Sasa mama, nikufungie hii?" kijana aliuliza.

"Nipe nyingine ya chini ya kabati," nikamwambia. "Na wa bei rahisi tumeshakusikia."

Alhamisi tuliketi uso kwa uso, maiki moja kidevuni pake, nyingine kwangu. Kompyuta niliipa mgongo. Nilimwomba aseme tena. Alinuna, kisha akasema. Mashine ya jirani ilipoanza, sauti yake ilikatika kama uzi, midomo ikaendelea, na mimi nikaifuata kwa sauti yangu, neno kwa neno.

"Msimamizi mkuu alinipa ufunguo wa sanduku la swichi," nikasema. "Alisema feni zinakula umeme. Gari la wakaguzi likitoka getini tu, zinazimwa. Na aliyezizima..."

Nilimzika rafiki yangu wa mashine ya kushoto nikimlaani mtu huyo. Siku zote nilimpa sura ya mwanamume. Shangazi alinigonga gotini. *Sema*, midomo ilisema.

"Na aliyezizima ni mimi," nikasema.

*Nilipewa zamu ya asubuhi kwa hilo*, akaendelea, nami nikamfuata. *Huyu anayenisemea alifukuzwa kwa kuuliza jambo nililokuwa nalijua.* Hilo pia nililisema. Sikujua koo langu linaweza.

Mashine ikazimwa. Sauti yake ikarudi, nyembamba, yenye filimbi ya kifua. "Mimi nimesema langu. Sasa na mkurugenzi aseme lake."

Ijumaa mhariri alisikiliza dakika zote tano. Akataka nitoe ngurumo, nitoe sauti ya pili, yaani yangu, na hasa pale shangazi anapojishtaki, maana litakuwa jambo zito. Nikamwambia hatoki mtu humo. Inakwenda nzima, au Jumamosi zamu zikibadilishana nitaifungulia spika getini, mkurugenzi aisikie bila redio.

Alinitazama. Akavaa hedifoni tena, akairudisha mwanzo.