Meli ya Arobaini na Moja

Daktari wa meno mstaafu alifika dukani kwetu asubuhi na mapema, yeye na mkewe na daftari la jalada gumu. Hata fomu ya afya hajajaza, akalifungua daftari juu ya mapezi ya kuzamia niliyokuwa nikiyapanga. Ndani mlikuwa na meli arobaini zilizozama, zote kazizamia, na kila moja kaipa alama zake kwa kumi, kama mwalimu anayesahihisha insha.

"Ya kwenu naisikia inasifiwa," akasema. "Haya, tuone."

Miaka kumi na saba sasa naongoza wazamiaji kwenye meli ile ya mizigo. Naijua kuliko jiko langu. Omo yake, upande wa mbele, imeinuka, iko mita nane tu chini ya maji. Nyuma yake imelala kwenye tope, mita ishirini na tano. Kila ninayempeleka namkataza jambo moja: chumba cha mizigo hatuingii. Mlango ni mwembamba, na tope la ndani ukilitibua, mkono wako mwenyewe huuoni.

Nilimwambia dukani. Nikamwambia tena kwenye boti. Yeye alikuwa anamsimulia kaka yangu, nahodha wetu.

"Ile ya mwaka juzi ilikuwa na pikipiki ndani, zimepangwa safu! Hii ina nini?"

"Saruji," kaka akajibu. "Magunia yote yameganda."

Daktari akaguna.

"Mzee, umenisikia kuhusu mlango?"

"Binti yangu, mimi nimezama mara mia tatu."

Binti mwenyewe nina miaka arobaini na sita.

Mkewe alikuwa amekaa chini ya turubai, anafuma kofia. "Hakusikii huyo," akaniambia bila kuinua macho. "Meli zote hizo, mimi ndiye niliyekuwa juu namsubiri."

Tukazama. Dakika ya kumi niligeuka nimwonyeshe usukani, hayupo. Nikaangalia huku na huku, nikaona mapezi ya njano yanaishia ndani ya mlango ule ule. Ubaya wa chini ya maji ni kwamba huwezi hata kumtukana mtu.

Nilipofika mlangoni tope lilikuwa linatoka kama moshi wa kuni mbichi. Nikafunga kamba yangu kwenye chuma, nikaingia nusu, nikapapasa. Saruji. Saruji. Pezi. Nikalikamata, naye akanipiga teke la uso mpaka miwani ikaingia maji. Sikumwachia. Nilimvuta kwa mkanda kinyumenyume mpaka tukatoka. Macho yalikuwa yamemtoka, na mtungi wake wa hewa umebaki robo. Tulipanda polepole, tukasimama njiani kama inavyotakiwa, muda wote kanishika kifundo cha mkono kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kwenye boti alivua miwani, akahema. Nikasubiri aseme samahani.

"Tisa!" akasema. "Ningefika mwisho wa chumba, ningeipa kumi."

Sijawahi kumtupia mteja mtungi. Siku ile nilikaribia.

"Kwangu huzami tena," nikamwambia.

"Lakini nimeandikishwa na kesho!"

Mkewe akaweka sindano zake chini. "Nafasi ya kesho nipe mimi."

"Wewe? Hata mtungi hujawahi kuvaa!"

"Maelezo ya waongozaji nimeyasikia mara arobaini na moja, mume wangu. Tena mimi nilikuwa nasikiliza."

Kaka akageukia mashine, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kesho yake, asubuhi nzima nilimfundisha yule mama kwenye bwawa. Kila nililomwambia alilifanya, mpaka nikaanza kumshuku. Mchana nikampeleka kwenye omo. Akatulia mbele ya tundu la nanga, ambamo samaki mmoja mnene mwenye madoa alikuwa anachungulia. Wakaangaliana. Hakutaka kwenda kokote.

Muda ulipofika nikamwashiria tupande. Akatikisa kichwa. Nikaashiria tena, akatikisa kichwa. Mara ya tatu nikamkamata mkanda, nikampandisha.

"Umeniharakisha!" akafoka alipotoa kichwa juu ya maji. "Hewa nilikuwa nayo nusu nzima!"

"Mimi hata kuniharakisha hakuniharakisha," mumewe akadakia kutoka kwenye boti, "alinikokota tu!"

Wakaanza kunisema, mmoja majini, mmoja botini, kwa mara ya kwanza wanapatana.

Nikampandisha mama botini, nami nikafuata. "Kaka," nikasema, "washa mashine."