Siku Nne Bila Vidonge

Mwaka 2019, mwezi wa Julai, katikati ya majira ya baridi, Phumeza Ngqola alipokea barua iliyomtaka afike kwa daktari wa ukaguzi siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi. Ruzuku yake ya ulemavu ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi huo. Daktari angemtazama na kuandika, na maandishi hayo ndiyo yangeamua kama ruzuku itaendelea au itakatwa.

Alikuwa na kifafa tangu umri wa miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na arobaini na mmoja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini Komani, Afrika Kusini. Mshahara wa siku hizo tatu ulinunua chakula. Ruzuku ililipa kodi ya vyumba viwili alimoishi na binti yake, Asanda. Kipato kimojawapo kikiondoka, kitakachobaki hakitatosha.

Katika ofisi ya ruzuku hakuna aliyejua kwamba anafanya kazi. Kazini hakuna aliyejua kwamba ni mgonjwa, isipokuwa MamTolo, mwenzake wa mashine. Kwa hiyo Phumeza aliishi na hofu mbili: huku aliogopa kuonekana mzima, kule aliogopa kuonekana mgonjwa.

Jumapili, jirani yake Noluntu aliingia bila kubisha hodi, akaisoma barua kwa sauti.

"Utavaa nini?"

"Sketi yangu ya kanisani."

Noluntu akacheka mpaka akashika kiuno. "Ya kanisani! Si upake na rangi ya mdomo kabisa? Dada, kaka yangu Mzwandile aliingia mle na shati lililopigwa pasi, akamchekea daktari meno yote. Wakamkatia ruzuku! Mtu anaanguka bafuni kila wiki, wao wanaandika ana afya ya fahali."

"Sasa nifanyeje?"

"Acha vidonge."

"Niache vidonge?"

"Siku nne tu. Daktari akuone ukianguka mbele ya macho yake. Wote wanafanya hivyo, ni wewe tu unayejifanya mwalimu mkuu."

Phumeza alijua kwamba huo ni ujinga. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwonya zaidi ya mara moja kwamba mwenye kifafa anayeacha dawa ghafla anaweza kuanguka asiamke. Lakini alipofikiria mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba akisimama mlangoni, alilichukua kopo la vidonge akalificha juu ya kabati, nyuma ya mfuko wa unga.

Jumatatu ikapita salama. Jumanne mikono ilianza kutetemeka, kijiko kikamponyoka mara mbili. Kwa kawaida maanguko yake yalitanguliwa na harufu ya sukari inayoungua, harufu asiyoisikia mtu mwingine, sekunde chache kabla ya giza. Sasa alikuwa akinusa kila kitu: blanketi, mlango, hewa.

"Mama, unanusa nini?" Asanda aliuliza.

"Nanusa chai."

Mtoto aliuchukua mto wake, akauweka sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, mahali ambapo kichwa kingeangukia.

Jumatano Phumeza alikwenda kazini. Mashine ya mashuka ilikuwa na rola kubwa la moto. Watu wawili walisimama mbele yake, kila mmoja akishika pembe yake ya shuka bichi na kuiingiza kwa vidole. MamTolo, mjane mnene asiyependa maneno mengi, alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Leo umekaa kama mwizi aliyesikia mbwa. Una nini?"

"Sina kitu, MamTolo."

"Umemeza vidonge?"

Phumeza akaikunjua pembe yake ya shuka.

"Phumeza! Nakuuliza wewe, siulizi shuka."

Hapo ndipo ilipokuja harufu ya sukari. Phumeza aliinua kichwa, akiomba iwe ni mtu anapika. Jiko la hoteli lilikuwa ng'ambo ya ua, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Alitaka kusema, ulimi ulikuwa umekwisha kumkana. Ngumi yake ikajifunga juu ya pembe ya shuka, na rola likaendelea kulivuta shuka pamoja na ngumi.

Alipozinduka alikuwa amelala ubavu juu ya lundo la taulo, ladha ya damu mdomoni. Aliitazama mikono yake kwanza. Ilikuwapo yote miwili. Kisha akamwona MamTolo amesimama penye bomba, maji yakitiririka juu ya mkono wake wa kulia, ambao ngozi yake ilikuwa imebanduka kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa ameuweka mkono huo juu ya rola ili aifungue ngumi ya mwenzake, kisha akaizima mashine kwa kubonyeza swichi yake kwa goti.

Bi. Kritzinger, msimamizi wao, alikuwa amepiga magoti sakafuni. "Miaka mitatu! Miaka mitatu unasimama mbele ya moto, na huniambii?"

"Ungenifukuza, mama."

"Ningekuhamisha! Mashine ile ingekumeza mpaka begani, mimi ningemwambia nini mwanao?"

"Mkemee baadaye," MamTolo alisema kutoka penye bomba, meno yakigongana. "Kwanza mwandikie barua. Kesho anakwenda kwa daktari wa ruzuku. Andika kazi anayoifanya, na ile asiyoiweza."

Hofu iliyompata Phumeza hapo ilishinda ile ya harufu ya sukari. Kwa mkono wake mwenyewe ampelekee daktari ushahidi kwamba anafanya kazi?

"MamTolo, wataikata."

"Basi waikate ukiwa na mikono miwili."

Alhamisi ni siku ya manyano, mkutano wa sala wa akina mama, na tangu azikwe mumewe MamTolo hakuwa amekosa Alhamisi hata moja. Siku hiyo aliketi kwenye benchi la kliniki kando ya Phumeza, mkono umefungwa bandeji. Mzee mmoja aliyekuja na magongo mawili aliitwa jina, akaingia upesi, akayasahau magongo yake ukutani. Benchi zima likaangua kicheko. Phumeza hakuweza kucheka.

Daktari Lubelwana alifungua faili bila kuinua uso. "Dawa unameza?"

Uongo ulikuwa tayari, na ulikuwa mwepesi. Lakini ulimi uliokuwa na jeraha uliuma alipoujaribu uongo huo.

"Niliziacha Jumapili, daktari. Nilitaka unione nikianguka."

Kalamu ikasimama. "Na kazi? Unafanya?"

Phumeza akaiweka barua ya Bi. Kritzinger mezani. "Siku tatu kwa wiki."

Daktari aliisoma, akairudia. "Mama, unajua ni wangapi wanaoniletea kifafa chao humu kama kuku wa kuuza? Faili hili lina maanguko yako ya miaka ishirini na miwili. Sihitaji maonyesho. Ungefia kwenye lile benchi, ningeandika cheti cha namna nyingine."

"Na kazi yangu?"

"Kufanya kazi si kosa, kuificha ndilo kosa. Kipato kidogo kinaruhusiwa, na ofisi itakipima. Mimi naandika, wao wanaamua."

Aliandika kwa muda mrefu, wala hakusema alichoandika.

Wiki tatu Phumeza alishtuka kila simu ilipolia. Vidonge alivimeza asubuhi na jioni. Bi. Kritzinger alimhamishia kwenye meza ya kukunja mashuka, mbali na moto. Mwezi wa Agosti majibu yalikuja: mshahara wake umeandikishwa, na ruzuku imeongezwa kwa mwaka mmoja. Phumeza alihesabu miezi kwa vidole. Mwaka mmoja, kisha baridi nyingine na barua nyingine.

Alhamisi iliyofuata alikwenda nyumbani kwa MamTolo. Blauzi nyekundu ya manyano ilikuwa imetundikwa mlangoni; kola yake nyeupe ilikuwa na makunyanzi, kwa maana mkono wa kulia haukuweza bado kushika pasi.

"Nipe hiyo kola."

"Wewe? Pasi? Nenda zako."

"Uliikosa Alhamisi yako kwa ajili yangu. Nimekuja kuilipa."

MamTolo akaburuta kiti mpaka penye swichi ya pasi ukutani, akaketi, akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya swichi. "Ukinusa chochote, sema."

Phumeza alipiga pasi polepole. Alipofika katikati ya kola, aliinua kichwa.

"MamTolo. Sukari."

Swichi ikalia. MamTolo akainuka, akanusa, akageuka kuelekea jikoni.

"Ni malenge yangu ya sukari, wewe mwanamke! Yanaungua kwa sababu nimekaa hapa kukulinda!"

Aliyaepua, akarudi, akawasha swichi. Phumeza alisubiri mpaka pasi iliposhika moto tena, akaimaliza kola. Kisha akamvika MamTolo blauzi, akamfungia vifungo kimoja kimoja, akasimama mlangoni akimtazama akienda kanisani.