Barua ya Kufunga Shule

Mimi Nikanor niliwafundisha vijana kazi ya ualimu hapa Kisumu kwa miaka sita, na hakuna kitu kilichonipandisha hasira kama mwanagenzi mwenye maswali mengi. "Ukishaambiwa, fanya!" niliwafokea. Hezron Abonyo ndiye aliyenisikia kuliko wote, ndiyo maana nikampa shule ndogo ya kwao, karibu na Usenge, aiendeshe peke yake.

Homa ile ya 1918 ilipoingia mjini, tulizika watu mpaka tukachoka. Nikamwandikia Hezron haraka haraka, barua nikampa mchuuzi wa samaki: "Homa inakuja huko. Funga shule. Watoto wakae ndani mpaka nije." Halafu nikaanguka mimi mwenyewe, nikalala wiki mbili.

Nilipoteremka kwenye mashua kule kwao Hezron, hakuna aliyekuja kunilaki. Boma la kwanza lilikuwa kimya. La pili lilikuwa na makaburi mapya matatu. La tatu lilikuwa la mama yake Hezron. Jirani aliyeshika jembe aliniambia wamemzika jana.

Ndipo nikasikia watoto wakisoma. Ba, be, bi, bo, bu! Nilidhani homa imenirudia kichwani. Nikaifuata sauti mpaka shuleni, nikakuta lango la ua limezibwa kwa miiba, na Hezron yuko ndani.

"Umefika, Japuonj!" aliniita, yaani mwalimu, kwa lugha yetu.

"Hawa watoto wanafanya nini hapa?"

"Si uliandika? Nifunge shule, wakae ndani. Nilifunga siku ile ile. Wote kumi na saba wapo. Wazazi wanaacha chakula langoni, wanarudi."

Mungu wangu! Nilimaanisha wakae ndani kwao! Mtoto wa mjini yeyote angenielewa. Nilitaka kumtukana, kisha nikakumbuka maboma yale. Nilikuwa nimetoka kupita huko kwao. Humu ndani hakuna hata mmoja aliyekuwa akikohoa. Kama angenielewa, ningekuwa nimewapeleka makaburini kwa mkono wangu, kwa kalamu yangu hii.

"Kwani nimekosea, Japuonj?"

"Hapana. Hujakosea."

"Basi nifungue? Chakula hakijaletwa tangu juzi. Hata mama yangu hajaonekana, na yeye hakosi."

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikamwambia hapo hapo, miiba ikiwa katikati yetu.

Hezron akawageukia watoto.

"Someni tena, toka mwanzo. Kwa nguvu! Nguvu zaidi!"

Akangoja mpaka wote walipopaza sauti, ndipo akalia.