Shangazi Toakase Achagua

Toakase hakuinuka. Alikuwa amekaa juu ya gogo la kupondea, miguu kainyoosha, Pauliasi, mtoto wa kaka yake, alipoingia ndani ya nyumba ya kazi. Nje tingatinga lilinguruma. Dereva wake akasimama mlangoni.

Humo ndimo marehemu Fusi, mama yake Pauliasi, alimoponda magome ya mti hadi yakawa nguo, akazichora nakshi za kahawia miaka arobaini. Tangu azikwe, wasichana wa shule walikuja kila Alhamisi, kama leo, Toakase akawafundisha.

"Shangazi, inuka basi. Magari yangu yanashuka melini Jumatatu. Niyaegeshe wapi, kichwani?"

"Nafasi ipo huko, mwanangu. Sioni kitu humo ndani."

Wasichana wakacheka chinichini.

"Hawa wakajifunze darasani!"

"Darasa lina gogo? Lina mbao za nakshi za mama yako? Hapa msichana akipiga vibaya, gogo lenyewe linamsuta."

Pauliasi alikulia ng'ambo, Auckland. Heshima anayo, ila mila anazikumbuka nusunusu. Akapiga goti.

"Sitaki ugomvi, shangazi. Kabla hatujabomoa, chagua chochote cha mama. Mikeka, ile nguo ndefu ya harusi, chochote. Nakupa mbele ya watu."

Dereva akatoka, akazima injini. Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa kisiwani Vava'u. Huku mtoto wa kaka hamnyimi shangazi yake kitu. Shangazi akitaja nguruwe, nguruwe ni wake. Toakase hakuwahi kuitumia haki hiyo. Hata siku ya mazishi alipowekewa mkeka mkubwa kuliko yote, aliurudisha.

"Chochote?" akauliza.

"Chochote."

"Nyumba hii."

"Shangazi!"

"Na gogo nililokalia. Na mlango, usije ukanisahaulia mlango."

"Hayo mambo ya zamani!"

"Na mimi ni wa zamani. Haya, nibomoe."

Pauliasi akamgeukia dereva, ambaye alikuwa amerudi mlangoni.

"Mimi sigusi, kaka," dereva akasema. "Nina mashangazi watatu, na wote wazima."

Toakase akasogea mwisho wa gogo, akampa msichana wa karibu nyundo ya mti.

"Piga. Piga wasikie hadi bandarini kwamba nyumba ina watu."

Msichana akapiga, wenzake wakadakia. Pauliasi alisimama kidogo, pale pale alipokuwa akikaa mama yake. Kisha akatoka kutafuta pa kuegesha magari.